Ngozi Isiyopigwa

Karakana, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo.

Mimi ni mzima. Najua kila barua huanza hivyo na kila mtu huruka mstari huo, lakini huu nakuomba usiuruke. Ni mzima wa kichwa, wa miguu, na hasa wa mikono yote miwili mpaka kwenye kucha. Kifundo cha mkono wangu wa kulia hakiumi wala hakijavimba. Asubuhi nimebeba nacho ndoo ya maji kutoka bombani, na sasa nakuandikia nacho.

Nimeanza na hilo kwa sababu Nguzo alipita hapa. Unamjua mpiga besi wako: jukwaani hasemi neno, lakini mpe kiti na chai atamwaga mtama wote. Ameniambia kwamba kila Jumamosi, kabla ya wimbo wa kwanza, unashika maikrofoni na kuwatangazia watu kuwa Radi wenu, ndiye mimi, anaumwa mkono, wamwombee, atarudi. Anasema watu wanasikitika kweli, na wengine wanaleta dawa za kuchua. Alinifikishia chupa mbili, akaziweka mezani bila kunitazama usoni.

Mjomba, sikuugua. Niliacha. Nilikuambia mwenyewe pale ukumbini baada ya mazoezi, ukiwa unafunga gitaa kwenye mkoba wake, kwamba mwisho wa mwezi naacha muziki, nafungua biashara yangu. Ukacheka, ukaniambia njaa inanisumbua, nikale. Nilikula, na mwisho wa mwezi nikaacha.

Biashara yenyewe ipo. Nimepanga chumba kilichokuwa saluni ya kunyoa, na vioo vyake bado viko ukutani, kwa hiyo kila nikiinua kichwa najiona mara nne nikiwa nimekumbatia ngozi mbichi. Natengeneza taa. Ni ngozi ya mbuzi, nailoweka na kuikwangua manyoya kama ulivyonifundisha, ila naiwamba kwenye fremu ya chuma badala ya ngoma ya tumba. Ikikauka naweka balbu ndani, na mwanga unatoka wa rangi ya asali. Majirani wanalalamikia harufu. Fundi cherehani wa mlango wa pili ameniambia waziwazi kwamba wateja wake wanapimwa wakiwa wameziba pua.

Nakuomba jambo moja tu. Jumamosi hii ukishika maikrofoni, sema ukweli. Sema Radi ameacha kwa hiari yake. Dawa hizo nimempa fundi cherehani, yeye ndiye anaumwa mgongo.

Mpwa wako, asiyeumwa

*

Nyumbani, 14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua hii nasema mimi, anaandika mama yako, kwa sababu mtu mwenye bendi nzima hawezi kukaa chini kuchora herufi. (Mama yako hapa. Anatembea sebuleni huku na huku, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule. Nitaandika anayoyasema, na mengine ambayo hayasemi.)

Nguzo ana mdomo mpana kuliko besi yake, nitashughulika naye. Lakini wewe nikuulize: ulitaka niseme nini? Kwamba mpiga tumba niliyemfundisha tangu mikono yake haijafika katikati ya ngozi, ambaye watu wanalipa kiingilio kuja kumwona, ameniacha akatengeneze mapambo ya darini? Wangekucheka. Nimesema unaumwa kwa heshima yako. Mtu anayeumwa hakuna anayemcheka.

Na pia, nikwambie, tangu uondoke muziki unachechemea kidogo. Wasikilizaji si viziwi. Nimewaambia ni pengo la Radi, wakaelewa, wakawa wapole. (Aliposema hivyo alinigeuzia mgongo, akatazama nje dirishani. Nikadhani amemaliza.)

Tumba zako ziko palepale kushoto kwangu, nimezifunika shuka jeupe, na haziguswi na mtu. Mpaka sasa nazipasha moto kwenye jiko la mkaa nyuma ya jukwaa kabla hatujaanza, nazirudisha mahali pake, nazifunika tena. Nguzo ananiona nimerukwa na akili. Mimi najua ninachofanya. Ngozi isiyopashwa moto inasahau sauti.

Kuhusu hizo taa zako, nitasema mara moja tu. Ngozi isiyopigwa ni mzoga. Mbuzi wa watu achinjwe, aloweshwe, akwanguliwe, halafu aning'inie darini akimulika sahani za wageni? Mbuzi mwenyewe angekataa. Rudi kabla mvua hazijakatika. Sitakuuliza lolote.

Mjomba wako

(Shuka alilofunikia tumba ni langu, la harusi, na hataki kulirudisha. Kwa harufu ya ngozi, kamulia ndimu kwenye maji ya kulowekea. Unakula? Mama.)

*

Karakana, 29 Machi

Mjomba, shikamoo, na shikamoo Mama unayeandika.

Ndimu imesaidia. Fundi cherehani sasa ananisalimia.

Mjomba, unasema hutaniuliza lolote, na hapo ndipo shida ilipo, maana hujawahi kuniuliza. Basi nakueleza bila kuulizwa. Nilipiga nyimbo zako, kwa mwendo wako, chini ya bango lenye picha yako. Sikulalamika, na nilikuwa napenda. Usije ukafikiri nilikaa kwenye kile kigoda kwa kulazimishwa. Lakini nilichokuwa natengeneza kwa mikono hii kilikuwa kinaisha watu wakishuka ngazi kwenda kwao. Kesho yake asubuhi hakuna mtu aliyeweza kunionyesha kwa kidole kwamba hiki hapa, hiki ni chako. Nilichoka na hilo, Mjomba. Sikuchoka na kazi. Nilitaka kutengeneza kitu nikitundike, niondoke, nirudi nikikute.

Na kimepatikana. Kuna mama mmoja ana nyumba ya wageni, anakarabati ukumbi wake wa kulia chakula. Alipita barabarani, akaona taa yangu ya kwanza dirishani, akasimama. Aliingia akaikagua pande zote kama anayenunua ng'ombe, akasema anazitaka ukumbi mzima, ziwe tayari siku ya ufunguzi, na zikipendeza atazitaka vyumbani pia. Sina oda nyingine. Fundi wa kuchomelea fremu na mwenye chumba hiki wote wanamngojea mama huyo kama ninavyomngojea mimi. Hii ikikubali, karakana imesimama. Ikikataa, narudisha funguo.

Haitakataa. Ungeziona, Mjomba. Navuta kamba za kila ngozi kidogo kidogo huku nagonga kwa kidole, na siachi kuvuta mpaka ngozi iimbe. Nagonga ya kwanza, nagonga ya pili, zote zina sauti moja. Mtu mwingine angewamba kwa macho tu, lakini mimi nawamba kwa sikio. Hizo ndizo ngozi unazoziita mzoga.

Jumamosi iliyopita nasikia umenitangaza tena, na safari hii mkono umezidiwa. Ondoa neno hilo, tafadhali.

Halafu jambo lingine. Tangu lini unaandikiwa barua? Ulikuwa unaandika mwenyewe mpaka orodha ya sokoni, tena kwa mwandiko wa kujisifu.

Mpwa wako

*

Nyumbani, 2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimengoja barua yako ya kunisimulia ufunguzi, sikuiona. Bahati nzuri dunia ina Nguzo, na Nguzo ana shemeji aliyekuwa amekaa meza ya tatu. Nasikia taa zako zimepiga muziki kuliko ulivyowahi kupiga wewe. Nasikia ya kwanza ilipasuka watu wakiwa kwenye supu, ya pili ikajibu, na fremu zikajikunja kama mikono ya mtoto anayekataa kuogeshwa. Nasikia kuna mgeni aliingia chini ya meza na hakutoka mpaka alipohakikishiwa kwamba ni mbuzi tu. Nimecheka siku mbili. (Hakucheka siku mbili. Alicheka kidogo, kisha akaenda kukaa uani peke yake, akawa anasema "mtoto huyu, mtoto huyu." Ugali wake ulipoa. Mama.)

Sasa sikiliza, maana mimi si mtu mbaya. Kosa lile asingelifanya seremala, wala fundi cherehani, wala mjinga yeyote wa barabarani. Limefanywa na wewe kwa sababu wewe ni mpiga tumba. Kwa nini tunapasha ngozi moto kabla ya onyesho? Ili ikaze, sauti ipande. Wewe umechukua ngozi ukaikaza mpaka mwisho wa sauti yake, halafu ukaitia moto tumboni, balbu inawaka jioni nzima. Ilikuwa ipande iende wapi? Ulishafika juu. Uliwamba tumba ukaziita taa.

Taa haina haja ya kuimba. Ilegeze. Ngozi ikiwa bado mbichi iachie, ilale kwenye fremu bila kuvutwa, ijikaze yenyewe ikikauka na ibaki na nafasi ya kukaza zaidi ikipata joto. Ukigonga isilie. Ikilia, fungua kamba uanze upya. Na toboa juu joto litoke. Sijui kwa nini nakuambia haya. (Alirudia sehemu hii mara tatu ili nisikosee.)

Nakuambia ili ujue kwamba hata huko ulikokimbilia, sikio langu ndilo linalokufanyia kazi. Basi rudi nalo nyumbani. Kigoda chako kipo, shuka lipo juu ya tumba.

Mjomba wako

*

Karakana, 9 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na asante. Asante hiyo naisema kwa moyo wote na sitairudia, maana yanayofuata si ya kushukuru.

Ni kweli zilipasuka. Sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimevaa nguo yangu nzuri, nikaona ngozi ya kwanza inang'aa, inanyooka, ikaanza kutoa mlio mwembamba, na mimi mpumbavu nikatabasamu kwa sababu ulikuwa mlio safi. Kisha ikaachia. Nilizima taa zote kwa mkono wangu mwenyewe, watu wakamalizia kula kwa mishumaa. Vipande nilivibeba usiku uleule kwenye gunia. Fundi cherehani alinisaidia kufungua mlango, Mungu ambariki.

Lakini sikiliza kilichofuata. Kesho yake nilikwenda kwa yule mama, nikamwambia nitengeneze upya, nipewe nafasi moja. Sikujua kosa liko wapi, lakini nilijua nitalipata. Alinisikiliza vizuri. Kisha akanishika mkono wa kulia, akaugeuza juu chini kwa upole, akasema, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia unaumwa? Nisingekubebesha kazi nzito hivi." Alikuwa kwenye ukumbi wako Jumamosi moja baada ya kuniagiza taa, Mjomba. Alikusikia kwa masikio yake. Nikamwambia mimi ni mzima, akatabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgonjwa anayejikaza. Anaamini taa zilipasuka kwa sababu niliziwamba kwa mkono mbovu. Kosa la kutojua angenisamehe, kosa linarekebishwa. Lakini mkono mbovu haurekebishwi kwa ahadi, na hataki dhambi ya kumtesa mgonjwa.

Nimemwinulia ndoo ya maji mbele yake. Nimemwinulia kiti. Akaniambia, "Basi, basi, usijiumize."

Unaelewa ulichonifanyia? Kupasuka kwa taa nimejifanyia mwenyewe na nitazitengeneza mwenyewe. Hili la pili umenifanyia wewe, na kinywa changu hakitoshi kuliondoa, kwa sababu kila nikikana naonekana jasiri tu. Kinywa kilichosema ndicho kitakachosema tena. Yule mama anakuja kwako kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwambie.

Usipomwambia wewe, nitakuja. Nitapanda jukwaani kabla ya wimbo wa kwanza, nitavua lile shuka, nitapiga tumba zako kwa mkono wa kulia peke yake mpaka kila mtu ukumbini aelewe, kisha nitashuka na kurudi kwenye taa zangu. Unanijua. Nitafanya hivyo.

Mpwa wako

*

Nyumbani, 15 Mei

Mwanangu,

Barua hii ni yangu peke yangu, mjomba wako amekwenda kwenye mazoezi. Usinijibu humu nyumbani, mpe Nguzo.

Usije kupanda jukwaani. Nakuomba kama mama, na nakueleza sababu ili usidhani nampendelea ndugu yangu.

Mkono unaouma upo hapa nyumbani. Ni wake. Ulianza kutetemeka wewe ukiwa bado kwenye bendi, na hukuona kwa sababu ulikuwa unampigia kwa nguvu, makosa yake yakapita chini ya tumba zako. Wewe ulipoondoka akabaki uchi. Sasa mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Kikombe anakishika kwa mikono miwili, mbele ya wageni hanywi kabisa. Nawe ukauliza kwa nini anaandikiwa barua! Nilipomsomea mstari ule aliniambia nisome mwingine.

Siku ya kwanza alipokosea mbele ya watu, alitafuta cha kusema, kikamtoka hicho: mkono wa Radi unauma. Hakukitunga, mwanangu. Kilikuwa kinamuuma yeye, akakisema kwa jina lako. Watu wakawa wapole, naye akaushikilia upole huo. Sasa ukivua shuka ukapiga kwa mkono mzima, wote watauliza kwa nini basi muziki unachechemea, na watamtazama vidole.

Hana kazi nyingine anayoijua. Nilikuwa nakuomba ukae kimya mpaka mwisho wa mwaka, atakapoamua mwenyewe. Najua ninaloomba. Najua ile kazi ya nyumba ya wageni ni maisha yako. Sikulazimishi, nimekuzaa mimi, najua hulazimishiki.

Mama

*

Karakana, 22 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Najua kuhusu mkono. Mama umsamehe, na usimnunie, maana akiacha kukufunga vifungo utatoka kifua wazi. Barua hii nimempa Nguzo akusomee faraghani, yeye naye ajue ninachokiandika, ili kuanzia leo kati yetu watatu pasiwe na shuka.

Nimelia, Mjomba. Nimelia kwa ajili yako, kisha nikajilaumu kwamba nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye mkono ule na sikuuona. Kisha nikakasirika. Kama ungenieleza, ningekaa nawe mpaka utafute njia. Hukunieleza. Ulichukua ugonjwa wako ukanivisha mimi, ukaenda kulala umepoa.

Mama ananiomba nikae kimya mpaka mwisho wa mwaka. Nimefikiri nikiwa naloweka ngozi, nikafikiri nikikwangua, na nimefikia hapa. Sitakuja. Jukwaa ni lako, sitapanda kukuumbua mbele ya watu wako, hilo la kuvua shuka nimelifuta. Yule mama nikikutana naye sitamwambia habari za mkono wako hata akinibana, kwa sababu si yangu kuisema. Nitakosa ile kazi na nitarudisha funguo za chumba hiki nikiwa nimefumba mdomo.

Lakini sitaumwa kwa niaba yako. Mtu akiniuliza barabarani, nitasema mimi ni mzima, niliacha. Nitasema hivyo kwa kila mtu, kila siku, waniamini wasiniamini. Miaka yote nimepiga ili wewe usikike vizuri, na nilifanya hivyo kwa furaha. Hili silipigi.

Nimetengeneza taa moja kama ulivyoniagiza. Niliiachia ikalala, nikatoboa juu. Mikono ilikuwa inawasha kutaka kuvuta kamba, nikaikalia. Inawaka hapa tangu wiki iliyopita, mchana na jioni. Nimeigonga kwa kidole, hailii. Ni taa mbaya kabisa kwa sikio na haijapasuka. Nimeitundika mbele ya kioo cha katikati, na kwa mara ya kwanza kile chumba hakifanani na saluni.

Mpwa wako

*

Nyumbani, 6 Juni

Mpwa wangu

Marahaba. Naandika mwenyewe, kwa kushoto. Herufi zinalala, usicheke.

Mimi si mzima. Mkono wa kulia unatetemeka, vidole viwili havitii. Daktari ameupa ugonjwa jina refu, nimelisahau kusudi.

Nguzo alinisomea barua yako kwenye ngazi za ukumbi. Alipomaliza aliikunja, akanirudishia. Nikamuuliza, wewe unaonaje. Mtu huyu ambaye hajawahi kunipa jibu la maana akasema, "Mzee, mimi nimekuwa nikiongeza sauti ya besi tangu mwaka jana. Vidole vyangu vimechoka kukufunika."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilishika maikrofoni. Yule mama wa nyumba ya wageni alikuwa mbele. Nikasema: Radi haumwi. Hajawahi kuumwa. Ameacha muziki kwa akili zake timamu, ana biashara yake ya taa, na zilipasuka kwa kosa la kifundi ambalo limekwisha rekebishwa. Mkono unaouma ni huu. Nikauinua wauone.

Nilikuwa nimejiandaa kwa huruma. Nilikuwa hata na maneno ya kuikataa. Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Tulijua siku nyingi, baba. Imba."

Nikaimba. Gitaa nililiacha kwenye kiti. Nguzo alipiga kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nimemweka mpiga tumba mpya, anakimbia kama anafukuzwa, lakini nitamfundisha kwa mdomo.

Shuka nimemrudishia mama yako. Analifua kwa kelele.

Kifurushi hiki ni ngozi ya tumba yako kubwa. Nimeivua mimi, kwa mkono mmoja, kwa hiyo pembeni imechanika. Mpiga mpya nimemwambia awambe yake. Hii nataka taa ya jukwaani. Ilegee. Isilie.

Sikuombi urudi.

Mjomba

*

Karakana, 20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sikucheka. Nimeisoma mbele ya vioo vinne, na wote wanne walikuwa wanalia, hebu fikiria aibu hiyo.

Yule mama alikuja Jumatatu yake, hata mapazia ya fundi cherehani hayajafunguliwa. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja chini ya taa, akainua mkono, akaigonga kwa kidole kama anayebisha hodi. Kimya. Akaniuliza mbona haitoi sauti kama zile za kwanza. Nikamwambia ikitoa sauti ndipo ukimbie. Akaagiza za ukumbi mzima, nyingine za vyumbani, akanitaka nizibebe mwenyewe siku ya kuzitundika ili anione nikibeba. Fundi wa kuchomelea alipopata habari alianza kuimba wimbo wako, kwa mwendo mbovu sana. Funguo bado ninazo.

Ngozi ya tumba niliiloweka muda mrefu kuliko nyingine, kwa sababu ilikuwa imezoea kukaza na haikutaka kulainika. Nami nilitaka kuivuta, nakiri. Niliilaza kwenye fremu, nikakaa mbali nayo mpaka ikakauka. Pembeni ulipoichana nimeshona, mshono unaonekana, nimeuacha uonekane.

Nilipoiwasha ndipo nikaona. Katikati, na pale ukingoni kiganja changu kilipokuwa kikitua kila Jumamosi, ngozi imelika ikawa nyembamba, na mwanga unatoka hapo kuliko mahali pengine popote. Mkono wangu unaonekana, Mjomba. Mtu yeyote anaweza kuuonyesha kwa kidole.

Nguzo anakuletea. Itundike kushoto kwako, palipokuwa na tumba, na watu wakikuuliza Radi yuko wapi, iwashe.

Mimi ni mzima. Sirudi ng'o.

Mpwa wako, mwenye karakana